Jinsi ya Kumtazama Farasi-Bahari: Mwendo Wake, Kinga Zake na Mipaka ya Mtazamaji

Farasi-bahari hujilinda kwa kutulia. Samaki wengi wakihisi hatari hutimua mbio, hujichimbia mchangani au hujikusanya kundini, lakini huyu hana kasi ya kumwokoa, hana meno ya kuuma wala kundi la kumficha. Alicho nacho ni mkia wa kujishikiza, ngozi inayofanana na mahali alipo, na mwili uliozungushiwa mifupa unaomfanya awe mlo mgumu kumeza. Kwa hiyo huwezi kuueleza mwendo wake bila kuieleza kinga yake, na mtu anayetaka kumtazama vizuri anapaswa kulielewa hilo kabla hajaingia majini, kwa sababu kila kinachomlazimisha mnyama huyu kuondoka alipojishikiza kinamvua ulinzi wake mkuu na kumwacha wazi mbele ya wanaomla.

Maelezo yanayofuata ni kwa anayezamia, kwa anayeelea juu ya maji akiwa na miwani na mrija wa kupumulia, na pia kwa anayesimama mbele ya tangi la kioo. Yanahusu mambo ya kuangalia, maana ya kila unachokiona, na mahali ambapo mtazamaji anapaswa kukomea.

Kuujua mwili kwanza

Farasi-bahari ni samaki kamili, ingawa umbo lake humfanya mtu asite kukubali. Anapumua kwa matamvua, ana mapezi, na ana kibofu cha hewa kinachomwezesha kuelea. Aina zake zote zimo katika jenasi moja iitwayo Hippocampus, yenye spishi zaidi ya 40, na zinatofautiana sana kwa ukubwa: Hippocampus satomiae ana urefu wa sentimita moja na kitu tu, ilhali Hippocampus abdominalis wa bahari za Australia na New Zealand hufikia takriban sentimita 35. Anayekwenda kumtafuta lazima ajue ni spishi gani zinapatikana katika maji anayoyaingia, kwa maana jicho linalotafuta kiumbe wa kiganja kizima litapita juu ya kiumbe wa ukubwa wa ukucha bila kumwona.

Viungo anavyovikosa ndivyo vinavyoueleza mwendo wake. Hana pezi la mkiani, ambalo kwa samaki wengi ndilo linalosukuma mwili mbele, na hana kabisa mapezi ya tumboni. Watafiti waliochapisha jenomu, yaani mkusanyiko mzima wa jeni, ya Hippocampus comes mwaka 2016 waligundua kwamba jeni iitwayo tbx4, ambayo kwa samaki wengine huhusika na kukua kwa mapezi ya tumboni, haimo ndani yake, na pia kwamba amepoteza jeni kadhaa zinazohusika na uundaji wa meno. Magamba nayo hana. Badala yake ana ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya vipande vya mfupa vilivyopangwa kwa pete kuanzia shingoni hadi ncha ya mkia.

Kuutazama mwendo

Njia nzuri ya kuuona mwendo wake ni kumtazama kwa ubavu, ukiwa katika kina kilekile alichomo, wala si kutoka juu. Ukiwa ubavuni utaona kwanza kwamba mwili umesimama wima, kichwa kikielekea mbele na mkia ukining'inia chini, na kwamba hakuna sehemu kubwa ya mwili inayopinda ili kumsukuma. Kazi hiyo inafanywa na pezi moja dogo lililo mgongoni, ambalo hupigapiga takriban mara 30 hadi 70 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo jicho haliwezi kulifuata pezi lenyewe. Utakachokiona ni ukungu mwembamba unaotetemeka nyuma ya kiwiliwili. Mawimbi madogo hupita kando ya pezi hilo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na maji yanayosukumwa nyuma ndiyo yanayompeleka mbele.

Baada ya pezi la mgongoni, hamishia macho kichwani. Pande zote mbili, nyuma kidogo ya mashavu, kuna mapezi mawili madogo ambayo mtazamaji asiyeyajua huyadhania kuwa masikio. Hayo ndiyo usukani: humwezesha kugeuka, kujiweka sawa na kusimama papo hapo bila kuyumba. Kupanda na kushuka ni kazi ya kibofu cha hewa, akisaidiwa na mkia, kwa sababu anapoukunja au kuunyoosha uzito wa mwili huhama na mwelekeo wake hubadilika. Anapotaka kwenda mbali kidogo huinamisha mwili mbele, na mkao huo wa kulala nusu ni ishara ya kwamba ameamua kusafiri, wala si kurekebisha tu mahali alipo.

Ukilinganisha juhudi hiyo na umbali anaopata, utaelewa kwa nini hategemei kukimbia. Hippocampus zosterae, farasi-bahari kibete wa Ghuba ya Mexico na maji ya jirani, hutajwa kuwa samaki mwenye mwendo wa polepole kuliko wote duniani. Mkondo wenye nguvu unaweza kumchukua mmoja wao popote unapotaka, na dhoruba huwatupa ufukweni wakiwa wamechoka au wamekufa. Baadhi husafiri masafa marefu bila kuogelea, wakiwa wameshikilia vipande vya mwani vinavyoelea. Hiyo ni safari ya kubebwa tu.

Hata hivyo kuna tendo moja ambalo ndani yake samaki huyu mpole huwa na wepesi wa kutisha, nalo ni kula. Subiri umwone akiwa amejishikiza, kichwa kimeinama kidogo, macho yakizunguka kila moja kivyake. Uduvi au kiumbe mdogo wa jamii ya kopepodi akipita karibu na ncha ya mdomo, kichwa hurushwa juu kwa nguvu iliyokuwa imehifadhiwa katika kano, na mawindo hufyonzwa ndani ya mdomo mrefu. Kwa farasi-bahari kibete tendo hilo huchukua muda usiofikia elfu moja ya sekunde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba umbo la kichwa chake hutuliza maji yanayozunguka ncha ya mdomo, hivyo kopepodi, ambaye ni hodari wa kuhisi msukosuko, hajui kwamba adui amemkaribia. Katika maji tulivu mwindaji huyu hufanikiwa karibu mara tisa katika kila majaribio kumi. Utulivu uleule unaomficha kwa wanaomla humficha pia kwa anaowala. Na kwa kuwa hana mfuko wa chakula tumboni wa kukihifadhi, hulazimika kula mara kwa mara mchana kutwa, jambo ambalo mtazamaji anapaswa kulikumbuka kila anapojiuliza amekaa kwa muda gani.

Mkia ndio nanga na ngao

Kama ungekuwa na dakika chache tu, ningekushauri uzitumie zote kuutazama mkia. Mnyama wa nchi kavu anayemkaribia zaidi ni kinyonga: wote wawili hujishikiza kwa mkia, huzungusha macho bila kuyafungamanisha, hubadili rangi na huvizia kwa subira. Lakini mkia wa farasi-bahari una umbo lisilo la kawaida. Mikia ya wanyama wengi wanaojishikiza nayo ni ya mviringo, ilhali wake ukikatwa kwa upana huonekana kuwa na pembe nne, kwa sababu kila pete ya mkia imejengwa kwa vipande vinne vya mfupa vilivyokutana pembeni na kupishana kidogo.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha majaribio ya kulinganisha umbo hilo na umbo la mviringo, wakitumia mifano iliyotengenezwa kwa mashine ya kuchapisha vitu. Mkia wa pembe nne ulipobanwa, vipande vyake viliteleza kimoja juu ya kingine, ukabonyea bila kuvunjika kisha ukarudi katika umbo lake, na ulipopindwa haukujisokota kupita kiasi. Tena upande wake bapa hugusana zaidi na kitu kilichoshikwa. Kwa hiyo muundo mmoja unatenda kazi mbili: unamsaidia kushika kwa uimara, na unailinda mishipa na uti wa mgongo pale kaa anapombana kwa gando au ndege anapomdonoa. Majaribio ya awali yalikuwa yameonyesha kwamba mkia unaweza kubonyezwa hadi karibu nusu ya upana wake kabla uti wa mgongo haujaumia kabisa.

Unapoutazama, angalia umeshika nini na kwa mizunguko mingapi. Mkia uliozungushwa mara moja kwa ulegevu kwenye jani la nyasi bahari ni wa mnyama aliyetulia au anayejiandaa kusogea. Ulioviringwa kwa kukaza ni wa mnyama anayepambana na mkondo au aliyeingiwa na hofu. Angalia pia unavyoshuka mbele ya mwili: mkia wake hujikunja kuelekea upande wa tumbo, na hiyo ndiyo sababu kila anapotaka kushika kitu husogea hadi kiwe mbele yake. Kwa maana hiyohiyo, yeyote anayemkuta amenaswa kwenye wavu asiuvute mkia kwa nguvu. Amrudishe majini pamoja na sehemu ya wavu aliyoishika, na amwachie nafasi ya kuulegeza mwenyewe.

Namna ya kumpata aliyejificha

Kumtafuta farasi-bahari kwa umbo la picha za vitabuni ni kupoteza muda, maana sura hiyo nzima haionekani mara nyingi. Tafuta kwanza mahali pa kushika: nyasi bahari, mwani, mizizi ya mikoko, sifongo, matumbawe laini yenye umbo la feni, na hata kamba au nguzo zilizozama. Kisha chagua eneo dogo, tulia juu yake, na utafute kitu kimoja kisichoafikiana na vingine. Jani linaloyumba kinyume na wenzake, tawi lenye unene usio wa kawaida katikati, au jicho moja linalokwenda peke yake. Jicho ndilo humsaliti mara nyingi zaidi, kwa sababu mwili unaweza kujifanya mwani lakini jicho lazima lizunguke ili lione.

Ngozi yake ina seli za rangi ambazo humwezesha kugeuka kutoka kahawia hadi manjano, kijivu au wekundu kulingana na mahali alipo na hali aliyomo. Wengine hukuza vishada vya ngozi vinavyofanana na nyuzi za mwani, na wengine huachia mwani na viumbe wadogo waote juu yao. Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Hippocampus bargibanti, ambaye hazidi sentimita mbili na nusu na huishi juu ya matumbawe-feni ya jenasi Muricella. Vinundu vilivyotapakaa mwilini mwake vinafanana kwa umbo na rangi na polipu, yaani vijiumbe vidogo vinavyounda matumbawe hayo, kiasi kwamba hakuna aliyejua kuwa yupo hadi mwaka 1969, Georges Bargibant alipokuwa akikusanya matumbawe hayo huko New Caledonia na kumkuta juu ya tawi lililokwisha kuchukuliwa. Spishi hiyo ikapewa jina lake mwaka 1970. Sijui ushahidi mwingine unaoeleza vizuri zaidi ubora wa kinga hii kuliko huo wa samaki aliyeonekana baada tu ya makazi yake kutolewa majini.

Si wote wanaotegemea kufanana na mahali. Wapo wenye miiba, kama Hippocampus histrix na Hippocampus barbouri, ambao miili yao imejaa ncha kali zinazomfanya samaki mkubwa asite kuwameza. Miiba hiyo na pete za mifupa huwa kinga ya mwisho, inayotumika maficho yanaposhindwa.

Wanaomla ni kaa, samaki aitwaye taa, jodari na samaki wengine wakubwa, kasa na ndege wa majini, pengwini wakiwamo. Wachanga wanaotoka katika mfuko wa baba, ambaye ndiye hubeba mayai hadi yaanguliwe, wanaliwa kwa wingi zaidi, kwa sababu katika spishi nyingi huelea kwanza na planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji, kabla hawajapata pa kushika, na katika kipindi hicho hawana maficho yoyote.

Kuzisoma dalili za hofu

Farasi-bahari aliyeogopa hapigi kelele wala harushi mchanga, hivyo mtazamaji asiye makini anaweza kumtesa kwa dakika nyingi huku akiamini kwamba amekubaliwa. Dalili ya kwanza ni kugeuka: mnyama humpa mgeni mgongo na kujisogeza upande wa pili wa jani au tawi. Watu wengi huzunguka upande huo ili wapate kuuona uso wake, naye hugeuka tena, na mchezo huo huendelea hadi achoke. Kugeuka ni jibu lililo wazi, na jibu hilo linataka mtazamaji arudi nyuma.

Dalili ya pili ni kuinamisha kichwa hadi kidevu kiguse kifua, mkia ukikazwa zaidi. Dalili ya tatu ni kubadilika rangi ghafla, hasa kuwa mweusi au kufifia, ingawa hapa inahitajika busara, kwa kuwa rangi hung'aa pia wakati wa salamu za asubuhi baina ya dume na jike. Ukiwaona wawili wameshikana mikia, wakizunguka jani moja la nyasi bahari na rangi zao zikiwa zimechangamka, hiyo si hofu. Umebahatika kuona jambo ambalo wenzi wa spishi kadhaa hulirudia kila siku baada ya mapambazuko, na wajibu wako ni kubaki mbali wamalize.

Dalili ya mwisho na iliyo mbaya zaidi ni kuachia. Farasi-bahari anayefungua mkia na kuanza kuogelea katika maji matupu kwa sababu ya mtu ameamua kwamba kutulia hakumfai tena, akaingia katika hali ambayo mwili wake haukuumbwa kuimudu. Hapo kutazama kumekwisha. Ondoka taratibu kwa upande usiomzibia njia ya kurudi.

Ipo pia dalili ambayo mtu hapaswi kuijua kwa uzoefu wake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Hippocampus reidi ulionyesha kwamba samaki huyu akishikwa mkononi hutoa mngurumo wa chini unaoambatana na mtetemo wa mwili. Mlio anaoutoa wakati wa kula ni mwingine, mkavu na mfupi. Mngurumo hutoka anapokuwa amekamatwa, na huenda mtetemo huo unamshtua adui kwa muda wa kutosha amwachilie.

Kukaribia na kukaa

Kabla ya kumkaribia farasi-bahari, hakikisha kwamba unaweza kuelea bila kupanda wala kushuka na bila kutumia mikono. Mzamiaji ambaye hajafikia ustadi huo hushika matumbawe ili ajizuie, hukanyaga nyasi bahari, au hupiga mapezi yake ya mpira karibu na sakafu na kuinua wingu la mchanga ambalo humfunika samaki na kumzibia chakula. Karibia polepole, kutoka mbele kidogo kwa ubavu ili akuone mapema, na usimame katika umbali ambao hajabadili mkao wake. Siwezi kukupa idadi ya mita, kwa sababu yeye ndiye anayeuweka mpaka huo: akigeuka umeshaupita.

Usimguse, usimsogeze, na usilipinde tawi alilolishika ili picha ipendeze. Katika utalii wa kuzamia ni jambo la kawaida kumwona kiongozi akimsukuma samaki kwa kijiti ili wageni wapige picha, na wageni wengi hukaa kimya kwa kudhani kwamba mwenyeji anajua zaidi. Sikubaliani hata kidogo na kimya hicho. Watafiti waliochunguza athari za wapiga picha kwa farasi-bahari na samaki wengine wadogo wamekuta kwamba kushikwa na kusukumwa huwasumbua kuliko mwanga wa kamera. Hilo halihalalishi kumulika ovyo: piga picha chache, zima taa yenye mwanga mkali mara unapomaliza kulenga, na ufuate sheria ya mahali ulipo. Nchini Uingereza, kwa mfano, spishi mbili za huko zililindwa kisheria mwaka 2008, na kuwasumbua ni kosa.

Kama mko wengi, tazameni kwa zamu, mmoja mmoja, na wengine wakae mbali badala ya kumzunguka. Mnyama aliyezungukwa hana upande wa kugeukia, na kwake kugeuka ndiyo hatua ya kwanza ya kujihami.

Anayemtazama katika tangi ana nafasi nzuri ya kuliona pezi la mgongoni na tendo la kula kwa ukaribu, lakini naye asigonge kioo. Aangalie pia kama tangi lina vitu vya kutosha vya kushika na kama maji yanapita taratibu. Farasi-bahari anayeogelea muda wote huku na huku bila pa kujishikiza haonyeshi uchangamfu, anaonyesha kwamba mahali alipowekwa hapamfai.

Kuandika ulichokiona

Maandishi mazuri ya mtazamaji hujibu maswali machache kwa usahihi: ilikuwa saa ngapi na kina gani, mkia ulishika nini, rangi ilikuwaje ulipofika na ulipoondoka, alikula mara ngapi, alisogea kwa sababu gani na kwa umbali gani. Saa ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa maana spishi nyingi huonekana zaidi mchana, lakini Hippocampus comes wa Ufilipino amechunguzwa na kukutwa akitoka zaidi usiku. Mradi wa Project Seahorse, ulioanzishwa mwaka 1996 na Amanda Vincent na Heather Koldewey, hupokea taarifa za watu wa kawaida kupitia mpango wake wa iSeahorse, na taarifa hizo husaidia kujua spishi zipi zimebaki wapi.

Jambo la kuficha ni mahali penyewe. Farasi-bahari huvuliwa kwa ajili ya dawa za asili, mapambo na matangi ya nyumbani, na wengi zaidi hunaswa bila kukusudiwa na nyavu za kukokota. Biashara yao ya kimataifa iliwekwa chini ya usimamizi wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2002 ulioanza kutumika mwaka 2004, lakini mkataba hauwezi kulinda kichaka kimoja cha nyasi bahari ambacho ramani yake imeonyeshwa kila mtu. Wengi wao hukaa katika eneo dogo kwa muda mrefu, kwa hiyo aliyepatikana leo anaweza kupatikana tena kesho na mtu mwenye nia nyingine. Wape watafiti mahali kamili, na katika picha unazowaonyesha watu wengine taja jina la bahari tu.